Ukuta Unaopumua

Paukwa!

Pakawa!

Mmh. Pakawa gani hiyo, ya watu walioshiba maharage? Na nyie wakubwa mliojibanza huko nyuma, sogeeni, hii inawahusu kuliko watoto. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale waliishi nungunungu wawili, mume na mke. Walikuwa na mtoto mmoja. Baba yake akampa jina Msumari. Msumari gani! Miiba yake ilikuwa laini kama njiti za ufagio mbichi. Lakini machoni pa baba alikuwa msumari, basi.

Wale wawili wakagombana. Wakagombana asubuhi, wakagombana jioni, mpaka Mama Msumari akahamia shimo la ng'ambo ya korongo. Msumari akawa wa huku na huku. Siku tatu kwa mama, siku tatu kwa baba. Anakwenda, anarudi. Anakwenda, anarudi.

Siku moja akarudi kwa mama, hali chakula, hachezi, anatetemeka tu. Mama akasema mtoto haendi tena. Baba akaja juu, miiba chakacha-chakacha, anamtaka mwanawe. Mama kwa hofu yake akatia chumvi, akawaambia wanyama wote kwamba baba humng'ata mtoto. Baba naye akaapa kwamba mama anamjaza mtoto maneno.

Shauri likapelekwa kwa Mzee Mhanga. Mnamjua mhanga? Yule mwenye pua ndefu na masikio ya punda. Kila shimo la nyika ile alilichimba yeye, wengine walihamia tu. Ndiyo maana mashauri ya nyumba yalikuwa yake.

Desturi yao ilikuwa hivi: mtoto anawekwa katikati, mama huku, baba kule. Yule ambaye mtoto atamwendea, ndiye atakayemchukua. Wakamweka Msumari katikati. Mama akaita. Baba akaita. Msumari akaficha kichwa kati ya miguu yake, asiende popote. Wanyama wakanung'unika kwamba mtoto huyu mkaidi.

"Mwondoeni hapo," akasema Mzee Mhanga. "Mtoto haulizwi mbele ya wanaomvuta."

Akamkagua mwili mzima, mwiba kwa mwiba. Hakuona alama ya jino hata moja, na akamwambia mama hivyo mbele ya wote. Mama akainamisha kichwa. Baba akajitutumua. Wanyama nao, wepesi kama nyie, wakasema kama hilo ni uongo basi yote ni uongo, mtoto arudi kwa baba leo leo.

"Bado," akasema Mhanga. "Uongo wa mama haujaniambia shimo la baba likoje."

Akamchukua Msumari wakaenda kuchimba. Mzee anatafuta mchwa, mtoto anafukua mizizi. Kwaru, kwaru, kwaru. Mzee hakuuliza kitu. Kwaru, kwaru, kwaru. Mpaka Msumari mwenyewe akasema polepole, "Babu, kwa baba kuna ukuta unaopumua."

Mhanga akaacha kuchimba. Akaenda moja kwa moja kwenye shimo la baba, akaingia mpaka mwisho, akatega sikio ukutani. Hhhh. Hhhh. Upande wa pili alikuwa amelala Chatu, na ukutani palikuwa na tundu.

Baba Msumari hakukataa. Alisema Chatu ni jirani yake wa miaka mingi, hajamgusa hata siku moja, anaogopa miiba.

"Miiba ya nani?" akauliza Mhanga.

Baba akamtazama mwanawe.

Ikaamuliwa hivi. Msumari atalala kwa mama. Kila asubuhi baba atamwona uwandani, na Kanga atakaa juu ya kichuguu akiwaangalia, maana Kanga akiona jambo hanyamazi. Baba azibe tundu. Mvua zikiisha, Mhanga ataingia shimoni tena. Na mama asiseme tena lisilokuwapo, maana siku atakayosema kweli hatasikilizwa.

Baba alikasirika, nisiwadanganye. Siku ya kwanza hakwenda. Siku ya pili akaenda, akakaa mbali, kanuna. Siku ya tatu mtoto akamletea kiazi mwitu, wakala pamoja. Tangu hapo hakukosa hata asubuhi moja, mvua inyeshe isinyeshe.

Mvua zikaisha. Mzee Mhanga akaingia shimoni, akakuta tundu limezibwa kwa mawe na udongo, kazi safi. Wanyama wakasema haya, mtoto alale kwa baba leo. Mama amesimama na mwanawe, roho juu.

Baba Msumari akaziba mlango kwa mwili wake.

"Hapana," akasema. "Jana udongo ulisukumwa kutoka upande wa pili. Asilale humu."

Angenyamaza, angempata mwanawe siku ile ile. Alijua hivyo, na akasema.

Mama Msumari akalia. Kisha akasema, "Chimbeni shimo jingine. Nitamleta mwenyewe."

Mzee Mhanga akatia kucha ardhini. Kwaru, kwaru, kwaru! Baba anazoa udongo, mama anazoa udongo. Jua halijatua, shimo jipya tayari. Msumari akaingia, akatega sikio ukuta huu. Kimya. Akatega ule. Kimya. Akajilaza.

Basi enyi mnaoamua ya watoto, mtoto msimpe mzazi anayelia kwa sauti kubwa zaidi. Ingieni shimoni mkaone. Na nyie wazazi, mtoto si nyama ya kugombaniwa: anayempenda hutazama kwanza miiba ya mtoto, si yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa shimo jipya. Atakayeingia, apige hodi.