Neno Lililomezwa na Kwikwi

Hapo zamani, si ile ya mazimwi, bali hapo zamani ya karibu karibu, enzi za malori na simu za mkononi, nchi ya Ujerumani iliongozwa na mama mmoja aliyeitwa Roswitha Ahlers. Cheo chake kilikuwa Kansela, yaani mkuu wa serikali. Na Ujerumani, kama hamjaitazama kwenye ramani, imekaa katikati ya Ulaya mfano wa mtu mnene aliyekaa katikati ya benchi. Akijisogeza kidogo tu, wa mwisho huku anaanguka, na wa mwisho kule anaanguka.

Bi Roswitha alilijua jambo hilo, kwa hiyo alijifunza kutojisogeza. Mawaziri wakimwuliza, "Bibi Kansela, tufanye?" anajibu, "Tutaona." "Basi tusifanye?" "Tutaona." Asubuhi mumewe akimwuliza kama atakunywa chai au kahawa, anajibu, "Tutaona," na mwisho wake anaondoka na kiu. Lakini benchi lilitulia, na majirani wakamheshimu.

Mpaka yalipokuja mambo ya uyoga.

Mashariki mwa nchi hiyo unapita mto uitwao Oder. Ng'ambo hii ni Ujerumani, ng'ambo ile ni Poland, na juu ya mto pana daraja. Watu wa pande zote mbili wanapenda uyoga wa porini kupita kiasi. Majira ya joto ya mwaka huo mvua ilinyesha vizuri, uyoga ukaota kama umeitwa, na Wajerumani wakaanza kulalamika: "Wapoland wamevuka, wamechuma uyoga wetu!"

Wapoland wakajibu, "Uyoga una pasipoti? Na mbwa wenu wanaokuja kufukua msitu wetu, mbona hamwasemi?"

Maneno yakapanda. Bi Roswitha akashinikizwa, akatia sahihi, na Ujerumani ikashusha kizuizi upande huu wa daraja. Poland nayo, kwa hasira, ikashusha chake upande ule. Daraja likafungwa.

Sasa fuateni polepole. Kiwanda kikubwa cha Ujerumani kilitengeneza mashine za kufulia, lakini milango ya mashine hizo ilitoka Poland. Daraja limefungwa, milango haiji. Milango haiji, mashine hazinunuliwi, maana nani anataka mashine ya kummwagia maji miguuni? Mashine hazinunuliwi, hoteli za Ufaransa hazifui mashuka. Mashuka hayafuliwi, wageni wanakimbia. Wageni wanakimbia, jibini la Uholanzi halina mlaji. Na pale darajani malori ya stroberi yamepanga foleni, yanachuruzika maji mekundu, na nyuki wa nchi mbili wanasherehekea pamoja bila ugomvi wowote.

Ulaya nzima ikamgeukia Bi Roswitha. "Kansela, fungua!"

Lakini ubavuni pake alikaa Waziri wa Fedha, Bwana Detlef Kühnast, kiongozi wa chama kidogo kilichoishikilia serikali kwa ncha ya kidole. Huyo akamwambia, "Ukifungua, Bibi Ahlers, mimi na watu wangu tunatoka. Tukitoka, serikali yako inaanguka kabla supu haijapoa."

Mnaona alivyobanwa? Akifungua, anapoteza kiti. Asipofungua, majirani wanagombana na viwanda vinalala. Kiti alikipenda. Majirani nao aliwapenda. Stroberi ndizo alizozipenda kuliko vyote, ingawa hilo hakulisema hadharani.

Wakuu wa nchi wakakutana kwenye ukumbi mkubwa kumsikiliza. Bi Roswitha akasimama kuhutubia, na kichwani hana uamuzi hata mmoja. Hata hivyo hakuogopa, kwa sababu alikuwa na Kijerumani.

Lugha hiyo ina huruma sana kwa mtu ambaye hajaamua. Mjerumani akitaka kusema anafungua kitu, au anafunga kitu, anaweza kuanza na neno moja lile lile, "machen", yaani kufanya. Kisha anaendelea na safari yake. Mwisho kabisa wa sentensi ndipo anapobandika kijineno: akisema "auf", amefungua, akisema "zu", amefunga. Ni kama sisi tunapotamka "fung", kabla msikilizaji hajajua kama itakuja "funga" au "fungua". Tofauti ni kwamba Mjerumani, kati ya mwanzo ule na mwisho ule, anaweza kupitisha kundi zima la ng'ombe.

Basi Bi Roswitha akaanza. "Sisi tunafanya daraja hili, ambalo babu zetu walilijenga, ambalo mvua na barafu vimelipiga, ambalo bibi yangu alilivuka na kapu la uyoga ambao, napenda kusisitiza, ulikuwa wake..."

Katika kibanda cha kioo kando ya ukumbi alikaa mkalimani wake, Ansgar Petzold, hedifoni masikioni, akiyageuza maneno yale kwa ajili ya wageni. Sheria ya wakalimani ni moja: usiongeze lako. Ansgar akawapa wageni daraja, akawapa mvua, akawapa bibi na kapu, kisha akabaki anatoka jasho kama mtu aliyebeba chungu cha moto na haonyeshwi pa kukitua.

Bi Roswitha akaendelea. Akapita kwenye mashine za kufulia. Akapita kwenye urafiki wa mataifa. Akamsifu hata nyuki. Maneno yakaanza kumwishia, na neno la mwisho likawa linamjia mbio kama ukuta.

Bwana Detlef akammiminia bilauri ya maji. Maji ya gesi, maana Wajerumani wengi maji yasiyochemka kwa mapovu huyaona ni ya kuogea. "Kunywa, Bibi Ahlers," akanong'ona, "usije ukalikosea neno la mwisho."

Akayabugia yote kwa mkupuo. Akavuta pumzi. Akafungua kinywa.

"Hik!"

Kwikwi imemshika.

Akajaribu tena. "Hik!"

Mkuu wa Denmark akamwinamia wa Uholanzi. "Samahani, 'hik' ni kufunga au ni kufungua?"

"Labda ni nusu nusu," akajibu mwenzake.

Wote wakabana hedifoni masikioni, wakageukia kibanda cha kioo. Bi Roswitha, kifua kinaruka, akaona midomo ya Ansgar ikitingishika. Neno lenyewe hakulisikia, ila aliona nyuso. Uso wa Mfaransa ukachanua. Mholanzi akaruka juu ya kiti. Watu wakasimama, wakapiga makofi, wakakumbatiana, wakakanyagana. Ndipo Kansela wa Ujerumani akajua amesema nini.

Bwana Bogdan Kulesza, Waziri Mkuu wa Poland, hakupiga makofi. Alikuwa na simu sikioni, anapiga kelele: "Nyanyua kizuizi! Nasema nyanyua! Wajerumani wamefungua! Toa stroberi, toa milango, toa kila chenye magurudumu!"

Kizuizi cha Poland kikapaa. Malori yakamwagika darajani yakipiga honi. Walinzi wa Ujerumani, walipoona lile gharika la stroberi linawajia, wakanyanyua cha kwao haraka wasije wakapakwa jemu. Madereva wakacheza barabarani. Bibi mmoja wa Kijerumani akambusu dereva wa Kipoland, kisha akamwuliza kwa upole kama ana uyoga.

"Hakusema hivyo!" Bwana Detlef alikuwa anapiga kelele ukumbini. "Alisema 'hik'! Nilikuwa karibu! Nimesikia kwa masikio yangu, 'hik'!"

Waandishi wa habari wakamzingira Bi Roswitha. "Bibi Kansela, ulisema 'auf' au 'zu'?"

Detlef akamwinamia. "Sema 'zu'. Sema mkalimani kakosea. Tunalifunga sasa hivi, na kiti chako kinabaki."

Bi Roswitha akajipekua moyoni, alitafute lile neno alilokuwa karibu kulisema. Hakulikuta. Palikuwa na gesi tu. Akatazama kibandani, akamwona Ansgar amevua hedifoni, anakunja koti lake taratibu kama mtu asiyetarajia kurudi. Akatazama televisheni ukutani, akaona lori lililovuka, na dereva amekaa juu ya boneti anakula stroberi kwa mikono miwili.

"Auf," akasema. "Nilisema 'auf'. Mkalimani wangu alinisikia vizuri."

Detlef akatoka na chama chake. Serikali ikaanguka, na kweli, supu ilikuwa bado inatoa moshi.

Kesho yake watu wa ng'ambo zote mbili walikusanyika katikati ya daraja. Walikuwa wamefua chuma kutwa kucha, wakatengeneza ufunguo mkubwa, urefu wa mkono wa mtu. Meya wa mji wa darajani akaunyanyua, akasema, "Huu tunampa aliyelifungua daraja. Na si pambo. Nchi zetu mbili zimeapa: siku yoyote mtu akitaka kulifunga tena, atamwomba ruhusa mwenye ufunguo huu. Akikataa, halifungwi. Haya, nani alilifungua?"

"Mimi!" akasema Bogdan Kulesza. "Neno halinyanyui chuma, ndugu zangu. Kizuizi cha kwanza kupaa kilikuwa changu. Wajerumani wangebadili mawazo, malori yangu yangekwama hapa juu ya maji, na mimi ningechekwa mpaka Ureno. Niliamini nusu ya sentensi!"

"Uliamini kwa sababu nilikwambia," akasema Ansgar kwa sauti ya chini. "Kansela alisema 'hik'. Neno nililitia mimi. Kibandani sirudi tena, wenzangu wamekataa hata kunisalimia, na wana haki."

"Kwa hiyo ulidanganya!" akafoka mtu.

"Nilidanganya. Na wewe umekuja hapa kwa kupitia wapi, si darajani?"

Watu wakacheka. Mara wakasikia mtu anakuja mbio, tai imerukia begani. Alikuwa Bwana Detlef.

"Kwikwi ni zangu!" akasema, anahema. "Maji nilimimina mimi! Bila maji hakuna kwikwi, bila kwikwi hakuna nafasi ya mkalimani, bila mkalimani hakuna daraja!"

"Wewe si ulitaka lifungwe?" wakamzomea.

"Nilitaka, sikatai. Lakini mwulizeni Kansela wenu yeye alitaka nini. Hakutaka chochote! Mimi angalau nilikuwa na nia, ila ilikwenda upande mwingine."

Macho yote yakamwendea Bi Roswitha. Yeye alikuwa anautazama ule ufunguo. Kiti kilipokwenda hakukililia, lakini chuma hiki, Mungu amsamehe, alikitaka mpaka viganja vikamwasha.

"Bwana Detlef anasema kweli," akasema. "Nilisimama sijui nitasema nini. Neno lilitoka kwa Ansgar, chuma alinyanyua Bwana Kulesza. Lakini waandishi walipokuja, neno lile lilikuwa halina mwenyewe. Ningelikana, lingekufa pale pale, na daraja lingefungwa. Nililichukua likawa langu, nikalipa kwa kiti. Nauomba ufunguo."

Bibi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma ya umati. "Mama, na hapo mwanzo nani alilifunga?"

Bi Roswitha akamgeukia. "Mimi," akasema.

Umati ukavuma. Wengine wakapaza sauti, "Mpeni, aliyefunga ndiye ajuaye uchungu wake!" Wengine, "Mpeni Mpoland!" Wengine, "Mpeni mwongo wetu mwema!" Na mtoto mmoja, kwa kupenda vituko, akasema apewe Detlef wa kwikwi. Meya amesimama katikati, ameutwika ufunguo begani kwa uzito wake, na nyuma yake malori yanapiga honi yapishwe.

Haya, wasikilizaji wangu, msaidieni. Msijibu kwa haraka. Mkimpa mkalimani, mnampa aliyevunja sheria ya kazi yake. Mkimpa jirani, kumbukeni alifungua kwa neno ambalo halikusemwa. Mkimpa Detlef, mtacheka leo, je, kesho mtacheka? Na mkimpa Bi Roswitha, mnampa mkono ule ule uliotia sahihi ya kufunga. Mmoja wao lazima aondoke na ufunguo. Je, nani alistahili?