Jina la Mtoto wa Ukungu

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani maana hata aliyenisimulia hakuijua, palikuwa na kijiji juu kabisa Upareni, kwenye milima ambako ukungu huingia bila kupiga hodi. Kijiji hicho kilikuwa na kikundi cha ngoma, na mkuu wake alikuwa mzee Mrutu. Ngoma yake kubwa ilimfika kifuani. Ilikuwa ya sherehe, ndiyo, lakini ilikuwa na kazi nyingine pia: ukungu ukishuka, Mrutu aliipiga, na walioko porini walifuata sauti wakarudi nyumbani.

Mwaka mmoja wa mavuno mengi, kikundi kikaalika wageni wawili waje wapige pamoja nao. Wa kwanza alikuwa Bi Mosi, mpiga marimba kutoka pwani. Vibao vya marimba yake vilichongwa na bibi yake, bibi akamwachia mama, mama akamwachia yeye. Yeye Bi Mosi hakujaliwa mtoto wa kumwachia. Wa pili alikuwa Chiteme, mpiga zeze kutoka Ugogo, mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Msicheke! Masikio hayo yana kazi huko mbele.

Uwanja wa ngoma ulikuwa kilimani, mbali na nyumba, na banda lake lilikuwa dogo. Mrutu alipoona marimba haina pa kukaa, akaitoa ngoma yake nje na kuiingiza marimba.

"Mzee, na ngoma yako je?" Bi Mosi akauliza.

"Mgeni wangu hanyeshewi," akajibu Mrutu.

Manyunyu yakaanza, ngoma iko nje. Watu wanakula, wanacheka, hakuna aliyeikumbuka. Mara ukungu ukashuka. Ukungu gani huo, jamani! Ulikuwa ukinyoosha mkono, kiganja hukioni. Na ndani ya ukungu huo Kangero, kijana wa kikundi, akapiga kelele:

"Nakiete yuko wapi? Mke wangu alikwenda kukata majani ya migomba, hajarudi!"

Nakiete alikuwa mja mzito, mimba imetimia. Na njia ya migombani ilipita ukingoni mwa genge. Aliyeanguka pale hakuwahi kurudi kusimulia.

Mrutu akakimbilia ngoma, akaipiga. Bwe. Akapiga tena. Bwe. Ngozi ilikuwa imekunywa maji, haina sauti. Ngoma iliyolowa hupashwa kwa moto ndipo iseme, na moto uko wapi? Makaa machache ya kuchomea nyama yalikuwepo, hayatoshi kukausha ngozi, na kuni zote zilikuwa chepechepe, nguzo za banda ni miti mibichi, na kushuka nyumbani kutafuta kuni kavu ni kupoteza watu wengine.

Kilimani pale kitu kikavu cha kutosha moto huo kilikuwa kimoja tu. Kila mtu alikijua, na hakuna aliyethubutu kukitaja.

Bi Mosi hakungoja atajiwe. Akafungua kamba za marimba, akatoa kibao cha kwanza, akakigonga kwa kidole. Kikalia. Akakiweka motoni. Akatoa cha pili, akakigonga, kikalia, akakiweka motoni. Hivyo hivyo mpaka vikaisha, na watu wazima pale walilia waziwazi. Moto ukawaka mwekundu, safi, bila moshi. Ngozi ikakauka, ikakaza.

Mrutu akapiga. Ndu!

Ardhi ikatetemeka, na milima ikaitikia. Hapo ndipo penye balaa: milima iliitikia! Kila genge lilirudisha sauti, ikawa nyumbani kuko huku, nyumbani kuko kule. Mrutu akazidi kupiga. Ndu! Ndu! Ndu! Viganja vikapasuka, damu ikatiririka kwenye ngozi ya ngoma, anapiga tu.

"Mzee, nyamaza," akasema Chiteme.

"Una wazimu? Ngoma ikinyamaza, aliyeko porini atajua tumemkatia tamaa!"

"Anaimba, mzee. Namsikia chini ya ngoma yako. Mpe nafasi aitikie."

Mrutu hakuwahi kunyamaza mbele ya ukungu, wala baba yake hakuwahi. Lakini akainua mikono. Kimya. Ndipo ikaja sauti ya mwanamke, nyembamba, kutoka chini upande wa genge, ikiimba kiitikio cha ngoma ya ukungu.

Chiteme akachukua zeze lake akaingia ukunguni. Mlima ule hakuujua hata hatua moja. Mrutu akawa anapiga mara moja, ananyamaza. Ndu! Zeze linalia. Nakiete anaitikia. Ndu! Zeze linalia. Nakiete anaitikia. Ndu! Zeze linalia. Nakiete kimya. Ndu! Na zeze nalo kimya.

Mrutu akapiga, machozi na damu pamoja. Ndu! Na ukungu wote, toka juu hadi chini, ukajibu kwa sauti ambayo hakuna aliyeitegemea: kilio cha mtoto mchanga.

Nani angebaki amesimama? Kilima kizima kilipiga magoti. Walioko ukunguni wakaifuata ngoma, hatua kwa hatua, wakatokeza: Chiteme mbele, Nakiete amemshika kiunoni, mtoto amefungwa kwenye shuka ya Chiteme.

Sasa sikilizeni. Kijijini pale, mtoto aliyezaliwa ukunguni hupewa jina la aliyemtoa ukunguni, na mwenye jina huwa mzazi wake wa tatu mpaka kufa. Jina ni moja, haligawanywi, na likishatolewa halibadilishwi. Mama ndiye humnong'oneza mtoto sikioni.

Mrutu akasema, "Ngoma yangu ndiyo iliyowarudisha wote, hata huyo Chiteme. Na wageni hawa watakwenda kwao. Ukungu mwingine ukija, nani atampigia mtoto huyu ngoma?"

Watu wakasema, kweli.

Bi Mosi akasema, "Mzee, ngoma yako ilikuwa imekufa. Nimeifufua kwa mama yangu na bibi yangu. Sina mtoto, sina marimba tena. Hata jina langu niondoke nalo bila wa kumwachia?"

Watu wakasema, kweli. Lakini mmoja akaguna, "Marimba ilikuwa kavu kwa sababu ngoma ilinyeshewa kwa ajili yake." Na hilo nalo likawa kweli.

Chiteme akasema, "Mimi sina maneno. Pale ukingoni nilimpa mama huyu mkono, nikamwambia: tukiteleza sote, basi, yameisha; lakini ninyi mkitoka salama, mwite mwanao Chiteme. Akaniambia, nimekubali."

Wote wakamgeukia Nakiete. "Ni kweli," akasema. "Nilikubali. Lakini nilikuwa sijaona mikono ya mzee Mrutu, na sikujua ni nini kilichoungua ili ngoma ilie."

Akainama, akapeleka mdomo kwenye sikio la mwanawe.

Ninyi mnaonisikiliza, je, nani alistahili? Na mdomo ule ungekuwa wako, ungenong'ona jina la nani?