Kibakuli na Betri Tatu

Waya ukikaa juu ya rangi, betri mpya si dawa.

Mmemsikia babu yenu mdogo akimwambia Kiondo hivyo mezani, mkacheka mpaka mkapaliwa, halafu mmenifuata huku jikoni kuniuliza maana yake. Mnacheka msichokijua! Haya, kaeni. Na wewe Kiondo usijifanye unatafuta maji, kaa hapo, maana wewe ndiye uliyemkosea mkeo ukamletea simu mpya. Menyeni hizo ndizi huku mnasikiliza. Msemo huu msiwasingizie wahenga. Ulizaliwa mimi nikiwa na miaka ishirini na sita, hapa hapa Kisangara, na nusu ya kazi iliyouzaa niliifanya kwa mikono hii.

Wakati huo nilikuwa fundi umeme wa magari kwenye karakana ya shamba la mkonge, mwanamke peke yangu. Mtu analeta gari, ananitazama juu mpaka chini, kisha anauliza fundi yuko wapi. Namjibu, "Amekwenda kunywa chai, ila kaniachia spana zake." Gari likishawaka ndipo ananisalimia vizuri.

Karakana hiyo ilikuwa na makanika mmoja, Kajiru, mtu mzima kwangu, mpole, fundi hasa, lakini maneno yake yalikuwa ya kupima kwa kijiko. Mhandisi mmoja wa kigeni alipoondoka nchini alimwachia kigari chake cha mbio, chekundu, cha viti viwili. Sijapata kuona gari jepesi vile. Mwili wake wote ulikuwa wa faiba, si bati, ukiugonga unalia kama chombo cha plastiki. Basi watu wakakiita Kibakuli. Kwa Kibakuli hicho Kajiru alimshusha mkewe Nakundwa kutoka Usangi siku ya harusi, shela linapepea nje ya dirisha. Walipopata mtoto wao, Safieli, akawa anakaa mapajani mwa mama yake na kazi yake ni kupiga honi kila wakiona mbuzi. Hata mbuzi aliyelala zake mbali huko alipigiwa honi.

Safieli alikuwa na miaka saba homa ilipomchukua. Siku mbili tu, akaenda. Nipeni hiyo khanga nijifute, moshi huu.

Sasa, desturi yetu mnaijua. Mtu akizaa, jina lake la zamani linawekwa kando, anaitwa baba fulani, mama fulani. Baada ya mazishi watu waliogopa. Wakaacha kuwaita Baba Safieli na Mama Safieli, wakarudia majina yao ya ujana, wakidhani ndiyo huruma. Hata mimi nilifanya hivyo, Mungu anisamehe. Na Kajiru mwenyewe ndiyo kabisa, jina la mwanawe halikumtoka mdomoni. Nakundwa akianza, "Unakumbuka Safieli alivyokuwa..." mwenzake anainuka, anakwenda kukaza nati ya mlango. Akimkuta analia, kesho yake anamletea kitenge. Akikosa usingizi, anamletea godoro jipya. Nyumba ilipozidi kuwa kimya, akanunua redio kubwa akaiweka sebuleni iseme badala yake.

Mwaka ulipotimia Nakundwa alifunga mzigo, akapanda Usangi kwa kaka yake, Mzee Mkwizu. Kajiru akamtuma mtu ampelekee kitenge. Kitenge kikarudi. Akapeleka ile redio. Redio ikapanda mlima, ikashuka mlima, betri zake hazijaguswa. Mwisho Mzee Mkwizu akakutana na wazee, wakaweka siku, Jumamosi, wakatuma neno: "Mume aje mwenyewe aseme na mkewe. Asipokuja, tujue ndoa imekwisha." Nakundwa akaongeza la kwake, kwamba aje na Kibakuli, si gari la kuazima.

Ijumaa asubuhi Kajiru akasimama mbele ya benchi langu, kofia mkononi.

"Kibakuli hakiwaki," akasema.

"Tangu lini?"

"Betri tu. Nimeshanunua tatu."

"Tatu! Unakiwasha au unakilisha?"

Hakucheka. Nikachukua mkoba wangu tukaenda kwake.

Nilikikuta kimeoshwa kinang'aa, betri ya tatu imekaa mahali pake, mpya kabisa. Nikageuza ufunguo. Taa zikawaka vizuri. Nikapiga stata: tak! Basi. Taa zikafifia, nikaachia, zikarudi. Tena: tak! Kajiru akasema, "Si unaona? Na hii nayo ni mbovu." Nikapima betri, nzima. Nikafungua stata nikaijaribu pembeni, ikazunguka kama pia. Nikairudisha, nikapiga: tak! Najua mnataka kuuliza kwa nini hatukukisukuma tu. Kingewaka, ndiyo, kilikuwa chepesi. Lakini mlima wa Usangi mnaujua na kona zake. Kikizimika kule unakisukumia wapi, si utarudi kinyumenyume mpaka Mwanga?

Umeme si maji ya kumwaga. Unatoka kwenye betri, unafanya kazi yake, kisha ni lazima urudi kwenye betri. Ukinyimwa njia ya kurudi, hata kwenda hauendi. Magari mengi yana mwili wa bati, na bati lote ni njia ya kurudia, huku pakiziba utapita kule. Faiba hairudishi kitu. Kwa Kibakuli njia ya maana ilikuwa moja tu, waya mnene mfupi uliofungwa toka kwenye injini hadi kwenye chasisi, kile chuma cha chini kinachobeba gari. Mafundi wanauita waya wa ethi.

Nikamwambia Kajiru akae apige stata, mimi nikainamia injini. Tak! Tak! Mkono wangu ukaangukia kebo ya eksileta, ile inayovutwa na pedali ya mafuta. Yesu wangu! Nikautoa mbio. Kebo ilikuwa ya moto, na injini haijawaka hata mara moja. Umeme ulikuwa umekosa mlango wa kurudia, unajipenyeza kwenye kebo isiyo yake. Nikachukua taa ya kupimia, ncha moja kwenye injini, ncha nyingine kwenye chasisi. Kama ule waya ungekuwa unafanya kazi, taa isingewaka. Kajiru akapiga stata, taa ikawaka.

"Mzee Kajiru," nikasema, "hiki kigari kimefanyiwa kitu. Kilianza lini kukataa?"

"Zamani."

"Zamani lini?"

Anafuta usukani kwa kitambaa, usukani wenyewe msafi.

Nami hasira zangu mnazijua. "Mimi si mganga wa ramli! Ukinificha, kesho itafika na wewe uko hapa hapa unafuta usukani."

Akashuka. Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na suruali yake safi.

"Siku tulipoanua matanga," akasema. "Wanawake walikuwa ndani na mama yake, wanalia. Nilishindwa kuingia. Nikachukua brashi, nikaenda chini ya gari, nikafungua kila kitu, nikapaka chasisi rangi yote. Siku mbili nilikuwa kule chini. Nikafunga kila kitu mahali pake. Tangu hapo hakijawaka."

"Na pale waya unapokaa, ulipaka?"

"Kila mahali. Vizuri kabisa, mara mbili mbili." Akafuta vumbi gotini. "Mtoto alikuwa ameniomba tukipake pamoja, shule zikifungwa. Alishachagua na brashi yake."

Basi yule mtu akalia. Mwaka mzima ulikuwa umemkaa kifuani, ukatoka siku ile kwa kishindo. Nilikaa karibu yake nikalia naye, spana mkononi. Nilimhurumia, na nilijionea haya, maana mwaka mzima nilikuwa nampita nikimsalimia kwa jina lisilo lake.

Alipotulia tukaingia chini wote wawili. Nikafungua ile nati. Waya ulikuwa mzima, umefungwa barabara, lakini umekalia rangi nene, nyeusi, inayopendeza. Rangi haipitishi umeme. Nikatoa msasa nikaanza kusugua, akaushika mkono wangu.

"Nipe," akasema. "Niliipaka mimi."

Akasugua mpaka chuma kikawa cheupe. Tukafunga waya juu ya chuma kitupu. Akaingia, akageuza ufunguo. Kibakuli kikawaka mara moja, kuku wakatawanyika. Na ile betri ilikuwa ya tatu ile ile.

Jumamosi akaniomba tupande wote, asije akakwama njiani. Karibu na Usangi tukakuta mbuzi watatu wanakula majani pembeni, mbali kabisa na barabara. Akapiga honi. Nikageuza uso nikatazama migomba.

Tukawakuta wazee wamekaa kwenye viti uani, Nakundwa kasimama mlangoni, mikono kaikunja kifuani. Mzee Mkwizu akaitikia salamu, akamtazama shemeji yake aliyekuja mikono mitupu.

"Safari hii umeleta nini?"

"Sikuleta kitu, shemeji. Nilivyoleta vyote vilikuwa betri mpya. Gari langu halikuwa na shida ya betri. Nilipaka rangi mahali waya unapokaa, nikafunga juu yake, halafu nikawa nalaumu betri. Na kwa mwenzangu nimefanya hivyo hivyo. Waya ukikaa juu ya rangi, betri mpya si dawa."

Wazee wakatazamana. Mmoja akaguna. Mzee Mkwizu akasema, "Hayo ya magari hatuyajui. Sema umekuja kumchukua nani."

Kajiru akavuta pumzi.

"Nimemfuata Mama Safieli," akasema.

Nakundwa akateremsha mikono. Akaja polepole mpaka mbele yake.

"Umesema nani?"

"Mama Safieli."

"Sema tena."

"Mama Safieli. Mama Safieli." Machozi yanamtiririka mbele ya shemeji zake, hajali. "Nimemkumbuka mwanetu, mama. Kila siku namkumbuka. Sikujua nianzie wapi."

Nakundwa akamfuta uso kwa upande wa khanga yake. "Karibu ndani, Baba Safieli," akasema. "Ungeanzia popote."

Wakaingia. Tuliwasikia mle ndani wakisimuliana habari za mtoto wao, mara wanalia, mara wanacheka zile honi za mbuzi, chai ikapoa mara mbili. Jioni wakashuka pamoja na Kibakuli, na kwa kuwa viti ni viwili tu, mimi nilirudi juu ya lori la ndizi. Sijawahi kufurahia safari kama ile. Wazee nao wakabaki na neno lao. Kufikia mwezi uliofuata linasemwa misibani, harusini na kwenye mabaraza, na watu ambao hata baiskeli hawana.

Haya, ndizi zimekwisha? Kiondo, unakwenda wapi? Na hilo boksi la simu mbona unaliacha mezani?

Ahaa. Nenda, mjukuu wangu, nenda mikono mitupu. Kamuulize mkeo kinachomuuma, kisha unyamaze akujibu. Waya ukikaa juu ya rangi, betri mpya si dawa.