Mota ya Bi Salha

Mota ya gari la umeme la Bi Salha ilikuwa imemzimikia njiani mara tatu, na waranti haijaisha. Akamwendea Shebwana, aliyemuuzia, adai mota mpya; siku hiyo Shebwana alikuwa anamwoza bintiye, ila duka hakufunga. Shebwana akacheka.

"Mota nzima, mama. Mbovu ni mguu wako."

"Wallahi?"

"Wallahi! Itakufikisha popote."

"Basi moyo umetulia." Bi Salha akafungua mlango. Nje gari lake lilijaa maua na utepe. "Wakweo wamekwambia bibi harusi atapanda gari gani?"

Shebwana akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mafundi! Mfungieni mota mpya, upesi!"

Jioni, harusini, bintiye akashuka kutoka gari jingine kabisa. Shebwana akamgeukia Bi Salha, macho yamemtoka.

"Mimi nimealikwa pilau tu, mwanangu," akasema, akitafuna. "Na maua nayapenda."