Namkunda na Tuta la Wadudu

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa bustani.

Basi sogeeni motoni, niwape ya bustani.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja cha milima ya Upare, kila mwenye bustani aliacha tuta moja bila kulipalilia. Waliliita tuta la wadudu. Wale huku, walisema, wasile kule. Wadudu wakala huku, wakazaa huku, kisha wakala na kule.

Mjane Namkunda alikosa nyanya misimu miwili. Shemeji yake Mchome, ambaye shamba lake lilikuwa juu ya lile la Namkunda, akamwambia, "Shemeji, sheria ya ukoo unaijua. Shamba likiwa tupu msimu wa tatu, linarudi kwetu. Waongezee wadudu tuta la pili, pengine watakuonea huruma."

"Wamekula tuta lao wakala na langu. Sasa niwapikie na chai?"

Akashika jembe. Akang'oa tuta la wadudu lote, akalichoma moto. Majirani wakasema amejitafutia balaa. Akapanda miche.

Siku ya kwanza, jioni, akaja Sota, kiwavi mweusi anayekata miche shingoni.

"Namkunda, Namkunda, tuta letu liko wapi?"

"Halipo."

"Basi tutakula lako."

"Jaribuni."

Kila mche alikuwa ameuvisha gamba la mgomba, nusu ndani ya udongo, nusu juu. Sota akazunguka, akazunguka, akazunguka. Asubuhi Namkunda akamfukua alipojikunja, akamtupia kuku.

Siku ya pili wakaja Vidukari, ukoo mzima.

"Namkunda, Namkunda, tuta letu liko wapi?"

"Halipo."

"Sisi tuna mabawa. Gamba lako tutaliruka."

"Rukeni."

Akatwanga majani ya mwarobaini, akayaloweka, akachuja, akatia sabuni kidogo. Akanyunyiza chini ya majani ya nyanya, maana huko ndiko walikojibanza wakinyonya. Wakaanguka.

Siku ya tatu, pamoja na ukungu, akaja Bakajani. Huyu si mdudu. Ni ugonjwa.

"Namkunda, Namkunda, tuta letu liko wapi?"

"Halipo."

"Lako halipo. La shemeji yako lipo, na ndiko ninakotoka."

Namkunda akaona madoa ya kahawia kwenye miche mitano. Akaing'oa yote mitano, akaichoma. Akaacha kumwagia maji majanini, akawa anamwagia shinani. Kesho yake madoa yakatokea tena, upande wa juu, upande wa Mchome.

Akapanda kwa Mchome na jembe lake, akaingia kwenye tuta la wadudu, akaanza kung'oa.

"Shemeji, hilo si lako."

"Ugonjwa wake ni wangu. Nishtaki."

Akalimaliza, na madoa hayakurudi. Mchome akamshtaki. Nyanya zilipoiva ndipo akaja Bi Nakajumo, mkubwa wa ukoo, na mkongojo wake, kusikiliza shauri.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Sikuomba."

"Ukitakiwa kuomba radhi, utaomba?"

"Kwa Mchome ndiyo. Kwa wadudu hapana."

Bi Nakajumo akageuka. Akateremka shambani kwa Namkunda, akachuma nyanya, akaigeuza, akatafuta tundu. Akakosa. Akaila palepale, wima.

"Mchome," akasema, "shamba hili si tupu."

Kesho yake akaitisha msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima. Matuta ya wadudu yaliyobaki yakang'olewa yote, la kwanza hadi la mwisho, na la Bi Nakajumo mwenyewe. Mchome akaja amechelewa, jembe begani, akasimama kando.

"Shika huku, shemeji," Namkunda akamwambia. "Na mizizi usiiache."

Yangu imekomea hapo. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda kesho aje na yake. Funzo ni hili: mdudu hashukuru. Ukimwachia tuta umempa pa kuzalia, na ukisafisha peke yako atatoka kwa jirani. Nanyi mnaonicheka, mchicha wenu nimeupitia leo. Una matundu.