Muuza Hita na Mtoto Njiti

Ndugu zangu, mfano wa leo hauchekeshi, na mimi mwenyewe nimechoka kabla ya kuusema. Lakini nivumilieni.

Palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya umeme, katika mji wa nyanda za juu, kule ambako mwezi wa Juni ukungu hauondoki mapema. Aliuza pasi, soketi na hita za chumbani. Mzigo wake ulikuja bila alama ya usalama, wala ile ya kwamba kifaa hakidhuru mazingira. Alama alikuwa nazo yeye, za kubandika. Kila asubuhi alifungua maboksi, akabandika moja baada ya nyingine, taratibu, zisikae upande. Mkono ulishazoea. Dhambi ya kila siku, mnaijua wenyewe, haina hata utamu. Inachosha kama kibarua.

Basi mkewe akajifungua mtoto njiti. Muuguzi akawaruhusu waende nyumbani kwa sharti. "Mtoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi," akasema. "Na chumba kiwe na joto. Jiko la mkaa nisilisikie, hewa yake itamuua."

Baba akatoka kwenda kutafuta hita. Mmesikia? Mwenye duka la hita akatoka kwenda kutafuta hita! Duka la kwanza, akaikwangua alama kwa ukucha, ikabanduka. Duka la pili, alama ilikuwa imechongwa kwenye plastiki yenyewe. Akafurahi kidogo, kisha akakumbuka kwamba hata hizo siku hizi kuna watu wanazichonga. Akaigeuza hita, akaunusa waya.

"Bosi, alama si hiyo hapo?" muuzaji akamwambia. "Unatafuta nini tena?"

"Natafuta ya kweli."

"Ya kweli ikoje?"

Akaigeuza tena ile hita. Na huenda ile ilikuwa nzima kabisa, ndugu zangu, imepimwa na wanaostahili kuipima. Lakini aliyebandika uongo mwingi kiasi kile angeiaminije alama ya mwenzake? Akairudisha mezani, akaenda nyumbani mikono mitupu, miguu mizito, baridi imeanza kuuma.

Alimkuta mkewe ameketi kitandani, mtoto kifuani, blanketi juu yao wote wawili.

"Hita iko wapi, mume wangu?"

"Sijapata."

"Hujapata? Dukani kwako si zimejaa mpaka mlangoni? Lete moja, mgongo wangu umekufa ganzi."

"Zile hapana," akasema, macho chini. "Zile si za kuwasha mtu amelala."

Yule mama hakuwa na nguvu ya kugomba. Akauliza tu, polepole, "Kwani wanaozinunua, wao hawalali?"

Ndugu zangu, swali hilo limenitesa wiki nzima. Maana sisi nasi tuna alama. Huyu mzee wa kanisa, huyu mwanakwaya, yule ana pete ya ndoa kidoleni. Jirani akiziona anatuachia mtoto wake, anatuambia siri yake, anazima taa analala. Sisi tunajua waya uliomo ndani. Na kwa kujijua hivyo, tukimwona mtu mwema kweli tunamkwangua kwa ukucha: "Na huyu naye, mbona mwema hivi? Ana lake jambo." Ndiyo mshahara wetu huo. Tumedanganya mpaka tumeshindwa kuamini.

Mnataka kujua yule baba alifanya nini? Alivua shati, akampokea mkewe mtoto, akamlaza kifuani pake ili mama apumzike. Vizuri, mtoto wake alipata joto. Na watoto wa wateja wake?

Tumechoka, najua. Hata hivyo, tukitoka hapa tusiende moja kwa moja kula. Kuna watu wamelala kwa kutuamini. Twende tukagonge milango yao, tukawaamshe.