Gitaa la Ngozi Mbichi

Mhunzi aliyevunjikiwa na koleo hana haja ya kuzima moto wake. Hutafuta kitu kingine cha kushikia chuma. Hayo Alier na Nanok waliyajua mwaka 1996, walipokwenda kurekodi kanda yao ya kwanza.

Alier alikuwa mkimbizi wa Kidinka katika kambi ya Kakuma. Nanok alikuwa Mturkana wa papo hapo. Alier alicharaza gitaa, Nanok alitwanga madebe ya mafuta, na muziki wao wa roki uliwanyima majirani raha. Jepkoech, fundi wa kurekodi mjini Lodwar, aliwapa siku moja tu, kwani kesho yake angehamia Kitale. Kibali cha Alier cha kutoka kambini nacho kilikuwa cha siku mbili. Ilikuwa leo au basi.

Wakadandia lori la mbuzi. Nanok, mtoto wa wafugaji, alililaza gitaa katikati ya mbuzi akiamini hakuna godoro laini kuliko hilo. Walipofika Lodwar, beberu mmoja alikuwa ameshaligeuza kiti, na shingo ya gitaa imevunjika. Alier alilia bila aibu. Jepkoech aliwapa pole, akaanza kufunga virago.

"Ngoja, mama," Nanok alisema. "Kibuyu ya maziwa ikipasuka, sisi nafunga na ngozi mbichi. Hii nayo ni mti tu."

Akaenda kwa mchinjaji, akarudi na ukanda wa ngozi ya mbuzi iliyolowa bado. Akaizungushia shingo ile, akakaza kwa meno, akalianika gitaa juani. Jua la Lodwar halina mzaha.

Ngozi ilipokuwa ikikauka na kujikaza, Alier alijiliwaza kwa wimbo wa fahali wake aliyemwacha kwao Bor. Nanok aliruka kwa furaha, maana kwao pia kila mwanamume humtungia fahali wake wimbo. Wakaimba kwa zamu, mikono juu mithili ya pembe, miguu ikitikisa sakafu. Jepkoech akawasha mashine. Upande wa kwanza ukajaa hivyo.

Alasiri gitaa likaitika, likikwaruza kidogo, na upande wa pili ukajaa pia.

Kanda ilipopigwa Kakuma, Wadinka na Waturkana walicheza pamoja mpaka vumbi likatanda. Vijana wakamuuliza Alier alikopata sauti ile tamu ya kukwaruza.

"Muulizeni beberu," akajibu.

Naam, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.